Mama, Sasa Tunajua Nani Alikuwa Anapalilia

Mwaka umezunguka, Mama, tangu siku ile tulipokulaza ubavuni kwa Baba, pale shamba la kahawa linapoishia, nyumbani Itaka.

Kaka Luka ndiye aliyeanza kuandika kumbukumbu hii. Akaandika, "Umezimika mwanga wa ukoo wa Nzunda." Nikamnyang'anya kalamu. Wewe Mwalimu Loisi, uliyefundisha Kiswahili hadi ukastaafu, insha za namna hiyo ulikuwa unazikata kwa wino mwekundu. Basi ninaandika mimi, Fortunata wako, mwenye mdomo, kama ulivyozoea kunisema. Na leo mdomo wenyewe ndio ulioniponza.

Karatasi hii tumeibandika kanisani, sokoni, shuleni kwako na kwenye mlango wa ofisi ya mtendaji wa kata. Wanaopita wasome. Yaliyotokea Julai wanayajua nusu, na ile nusu wanayoijua ni ya uongo, tena tuliisema sisi.

Lakini kwanza tukuseme wewe kidogo, maana siku ni yako.

Tunakukumbuka Ijumaa mchana, kengele ikishalia, ukivua viatu vyako vya darasani na kuvaa mabuti ya mvua hata kama ni kiangazi. Unajifunga kitenge kiunoni, unatoka na wanafunzi wako nyuma. Mnakwenda kumkandikia bibi fulani ukuta, kufagia soko, kufua mashuka ya zahanati. Mliita Kazi ya Ijumaa. Hata ulipostaafu uliendelea kuwafuata palepale getini, na walimu wakawa wanacheka kwamba Madam Loisi kastaafu kufundisha, hajastaafu kusumbua.

Kazi hiyo ilikuwa na sharti moja: haitangazwi. Mtoto akirudi anajisifu, "Madam, leo tumemsaidia bibi wa watu," unamkatisha hapohapo. "Bibi gani? Mimi sijaona bibi. Nenda kaoge."

Tunakumbuka kila mwanafunzi wa kidato cha nne ulivyomkabidhi mdogo wake wa kidato cha kwanza. "Huyu ni wako," ulikuwa unasema. "Akilia, najua pa kuuliza." Yule mdogo akifeli hesabu, uliyemwita ofisini ni mkubwa wake. Wazazi wengine walilalamika. Uliwasikiliza, ukawamiminia chai, na Jumatatu mambo yakaendelea vilevile.

Na safari zako, Mama! Uliwapeleka watoto Kimondo wakaone jiwe lililoanguka kutoka mbinguni. Uliwapeleka Kamsamba wakavune mpunga kwenye lile joto, wakajua wali unatoka wapi. Uliwaleta mpakani Tunduma wakaone malori yalivyopangana, na kabla hawajapanda basi kurudi, ukawafagilisha stendi nzima. Watu wakadhani wameadhibiwa.

Katika safari zako hakuna aliyebeba chakula chake. Mlipiga kura mapema: wewe unambebea fulani, na yupo anayekubebea wewe, lakini humjui hadi saa ya kula. Nilikuwa kidato cha pili tulipokwenda Kimondo. Nilikuwa nimempikia mwenzangu wali na kuku mzima mzima, na kusema kweli nilitegemea na mimi niletewe hivyo. Nikafungua changu: viazi vitamu vya kuchemsha na karanga kidogo kwenye mfuko. Nililia mbele ya darasa, mimi mtoto wa mwalimu. Ukanijia ukanishika sikio. "Kuna mtu ameamka alfajiri kukuchemshia hivi. Unalia nini?" Nilikula viwili, vingine nikavitupa vichakani ulipogeuka.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Sasa ngoja tukwambie sisi tulivyokuwa.

Tulikuja kwenye arobaini yako. Tulikuja Krismasi, kwa haraka, tukapiga picha. Baada ya hapo kila mtu akashika lake. Luka na ofisi yake Vwawa. Lusubilo na mpunga wake Kamsamba, ambako mtandao unapatikana ukipanda kichuguu. Mimi na vitenge vyangu Tunduma, nikisalimiana "mulishani" na wateja wa ng'ambo ya mpaka kuanzia asubuhi mpaka giza. Nyumba yako tukaifunga kufuli. Kahawa tukamwachia jirani aichume na kuianika.

Siku moja Luka alipita Itaka kikazi. Akapiga picha ya kaburi lako akaituma kwenye grupu la familia. Mama, palikuwa pamependeza! Nyasi zimepaliliwa, pamefagiliwa, maua yamepandwa pembeni na mawe yamepakwa chokaa. Akaandika, "Asanteni sana mnaopatunza."

Mimi nilijua ni Lusubilo anayetunza. Lusubilo alijua ni Luka mwenyewe, anajificha tu. Luka alijua ni mimi. Hakuna aliyeuliza. Nilibonyeza vile vikono vya kushukuru, nikazima simu, nikaendelea na mteja. Nilipokea asante isiyo yangu, na wala sikuwashwa.

Julai ikafika, kahawa iko kwenye chanja. Luka akaenda kuangalia, akakuta magunia mawili hayapo, na jirani naye kasafiri. Tena akaona nyayo katikati ya mistari ya mibuni, nyayo nyingi, ndogondogo, zinakwenda na kurudi. Akapiga simu kwa hasira. Nikamwambia, "Weka mlinzi leo leo!" Lusubilo tulimpigia, hapatikani. Tukaweka mlinzi, Efraimu, kijana mwenye filimbi na rungu.

Ijumaa ya wiki ileile Efraimu akapuliza filimbi. Alikuwa amewakamata wanafunzi wawili wa shule yako, katikati ya mibuni, wanatoka mtoni. Msichana anaitwa Jenista, ana jembe. Mvulana anaitwa Joshua, ana ndoo ya maji. Wote kidato cha nne, wana mtihani wa taifa mwaka huu. Efraimu anasema hawakukimbia. Tulipaswa kujiuliza hapo, mwizi gani hakimbii?

Nilifunga duka nikapanda gari la kwanza. Nilipofika ofisi ya mtendaji, watu wamejaa hadi nje. Mtendaji alikuwa anawauliza taratibu, "Shambani kwa watu mlifuata nini?"

"Tulikuwa tunapita tu, shikamoo," Jenista akasema.

"Mnapita na jembe?"

Jenista akaniangalia mimi, akamwangalia Luka, akatazama chini. Joshua alitaka kufungua mdomo, yule binti akamgusa mkono, akanyamaza.

Basi nikaufungua wangu. Mama, maneno niliyosema yameandikwa kwenye masikio ya watu wa Itaka na siwezi kuyarudisha. Nilisema, "Siku hizi wezi wanavaa sare za shule!" Nilisema, "Mama yangu kawalea watoto wa hii shule miaka yote, leo wanamkanyaga kaburini wakimwibia kahawa! Hamna hata haya!" Watu wakaguna, wengine wakapiga makofi. Nikajisikia nimekutetea.

Mama yake Jenista anaitwa Tumpale, anauza ndizi za kuchoma pale njia panda. Alikuja anakimbia na mikono ina majivu. Akapiga magoti. "Dada, mwanangu hajawahi kuchukua hata sindano ya mtu." Nikamjibu, "Basi leo ameanza na magunia." Nilimjibu hivyo mtu mzima aliyepiga magoti, mbele ya mwanawe.

Shule ikawasimamisha masomo hadi kamati ya nidhamu ikae Jumatatu. Na sote tulijua maana yake: wakikutwa na kosa la wizi wanafukuzwa, wanafukuzwa na mtihani uko mlangoni. Luka alisema, "Iwe fundisho." Mimi nikasema, "Kabisa." Jumapili Tumpale hakuonekana kanisani. Njia panda hapakuwa na ndizi. Watoto wadogo walikuwa wanapita mbele ya nyumba yake wakiimba "wezi wa kahawa."

Jumatatu tukaketi ofisini kwa Mkuu wa Shule. Huyu wa sasa alihamia Januari, hakukukuta. Vipindi vya Ijumaa mchana amevifanya vya masomo ya ziada, Kazi ya Ijumaa hakuijua hata kwa jina. Alikuwa mpole, lakini alikuwa anasikiliza upande mmoja, maana upande wa pili ulikuwa haujisemei.

Efraimu akaleta mabegi mawili aliyowanyang'anya, akayaweka mezani kama ushahidi. Walipofungua la Jenista, harufu ikatoka. Ndani kulikuwa na kikontena cha wali na maharage, vimechacha tangu Ijumaa. Hatukuwaacha hata wale chakula chao.

Nikacheka, Mama. Nikasema, "Heh! Wezi wenyewe walikuja na msosi kabisa."

Mwalimu wa nidhamu akakichukua aende kukimwaga. Hapo ndipo Jenista alipopata sauti kwa mara ya kwanza. "Samahani, Mwalimu, kisimwagwe kwanza. Hicho siyo changu, ni cha Joshua."

Mkuu wa Shule akashangaa. "Cha Joshua kinafanya nini kwenye begi lako?"

"Namfungashia mimi. Changu mimi anacho yeye."

Wakafungua begi la Joshua, kweli, kande zimeota ukungu. Mkuu wa Shule akatabasamu kidogo. "Sasa si kila mtu angebeba chake, mkapunguza usumbufu?"

Jamani. Masikio yalinivuma. Nikajiona niko Kimondo, kidato cha pili, na sikio langu liko mkononi mwako. Hapa duniani ni mtu mmoja tu niliyemjua anayewafundisha watoto kufunga chakula namna hiyo.

Nikauliza, "Nani aliwafundisha?"

"Madam," akasema Jenista.

"Na jembe lilikuwa la nini?"

Joshua ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Akalia kama mtoto mdogo. "Nyasi, mama! Nyasi za kaburi la Madam! Tunakwenda kila Ijumaa tukitoka masomo ya ziada. Tunapita kwenye mibuni ili watu wasituone. Maji ni ya maua."

Luka aliinama akaweka kichwa juu ya meza. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Nikakumbuka picha ile, chokaa ile, maua yale, na vile vikono vyangu vya kushukuru.

Haikutosha. Mchana huohuo simu ya Lusubilo ikapatikana. Luka akamwambia habari ya magunia. Akasema, "Kaka, yale magunia si nilimwambia jirani ayapeleke kukobolewa? Nilisahau kuwaambia kwenye grupu." Kwa hiyo hakukuwa na mwizi hata mmoja, Mama. Hakukuwa na wizi wenyewe.

Kamati iliwarudisha darasani siku hiyohiyo, na kesho yake Mkuu wa Shule aliwaomba radhi mbele ya mstari wa asubuhi. Hilo tunamshukuru. Lakini kurudi darasani ni jambo moja, na jina ni jambo lingine.

Mama mdogo Ruti, mdogo wako, alitoka Vwawa kuja kutushika mkono kama watoto. Akatupeleka kwa Tumpale. Mama mdogo alikataa tukae kwenye viti, tukakaa chini kwenye mkeka, na Luka na tai yake. Nilianza kueleza na kueleza, unanijua. Mama mdogo akanifinya. "Omba msamaha, usihubiri." Nikaomba.

Tumpale alituletea maji ya kunywa. Hakupaza sauti. Nilitamani angenitukana, ningepata nafuu. Alisema, "Mimi nimewasamehe, dada. Madam alinifundisha na mimi pia. Lakini mwanangu ameitwa mwizi mbele za watu, na nyie ni watu wakubwa, mkisema watu wanaamini. Hilo mtalifutaje?"

Jibu letu ni hii karatasi. Tuliwatukana hadharani, basi tunasema hadharani: Jenista na Joshua hawajaiba kahawa, hawajaiba chochote. Walikuwa wanafanya kazi yetu. Anayewaita wezi kuanzia leo, atuite na sisi tulivyo.

Najua tumevunja sharti lako kwa kutangaza Kazi ya Ijumaa. Utusamehe na hili. Watoto walilitunza sharti lako mpaka likakaribia kuwafukuzisha shule, na haikuwa haki waendelee kulibeba peke yao.

Tulikuwa tumepanga mambo makubwa ya mwaka wako, Mama. Maturubai, mpishi, msema chochote wa kutoka Mbeya, vitenge vya sare nimeshavichagua mimi mwenyewe dukani. Tukaacha. Badala yake tulimwomba Mkuu wa Shule darasa zima la kidato cha nne lije kaburini kwako Ijumaa iliyopita, kama safari zako, na akakubali. Alikuja na yeye, na mabuti ya kuazima.

Kabla ya siku hiyo Jenista alitupigisha kura na sisi. Tena akatupanga kama kidato cha kwanza, kila mmoja na mkubwa wake. Luka alipewa Joshua. Lusubilo alipewa msichana mmoja mkali, akamrudisha mtoni mara mbili kwa kuleta ndoo nusu. Mimi nilipewa Jenista mwenyewe. Nikashika jembe, nikaanza kulima kwa nguvu, nionekane. "Mama, taratibu," akaniambia. "Hayo ni maua." Nilikuwa nimeshang'oa mawili. Hakunicheka. Aliyafukia mizizi tena akamwagia maji, akasema yatashika.

Saa ya kula tukakaa kwenye nyasi. Kura yangu ilikuwa imenipa Tumpale, ambaye naye alikuja. Nilikuwa nimempikia wali na kuku, na safari hii sikutegemea kitu. Nikaletewa changu kwenye kibakuli kilichofunikwa na sahani. Nikafunua. Viazi vitamu vya kuchemsha, Mama, na karanga pembeni. Nikageuka kumtafuta aliyenifungia, nikaona Jenista anatazama pembeni, anaona aibu kwamba ni viazi tu.

Nilikula vyote. Nilikula hadi vile vidogo vyenye nyuzi, na maganda nikayaweka mfukoni, sikutupa kitu vichakani.

Kisha nikamuuliza polepole, wengine wasisikie, "Mwanangu, siku ile kwa mtendaji, nilikutukana vile, mama yako kapiga magoti, na wewe unajua hujaiba. Kweli ni kwa sababu tu ya sharti la Madam? Ungesema neno moja tu, 'tunapalilia kaburi,' yangeisha."

Akachezea nyasi, akasema, "Siyo sharti tu, mama. Ningesema tunapalilia kaburi la Madam, mtendaji angeuliza, kwani Madam hana watoto? Na ninyi mlikuwa mmekaa palepale, watu wote wanawatazama. Nikaona Madam asingependa mpate aibu."

Mama, tulikuwa tunamwita mwizi, na yeye amekaa anatusitiri.

Hilo ndilo tulilotaka ulijue leo. Tuliona haya kulisema na tumeona haya zaidi kulificha. Mtoto uliyemlea Ijumaa mchana alituonea huruma kuliko tulivyokuonea sisi uliotuzaa.

Unakumbukwa na wanao Luka, Fortunata na Lusubilo. Mdogo wako Ruti. Wajukuu zako wote. Tumpale, mwanafunzi wako wa zamani. Na Jenista na Joshua, ambao hawakuwahi kuacha.

Kumbukumbu za watu wengine humalizia kwa neno "daima." Sisi tumeliogopa, tulishaliandika mwaka jana juu ya shada la maua. Mwaka huu tunakuahidi kidogo tu, tena kile tulichopangiwa na Jenista: zamu ya kupalilia.

Ijumaa tutakuja, Mama.